Kabla Hujaipiga Kiki Pikipiki Iliyolala Miaka

Pikipiki iliyosimama nyuma ya nyumba miaka mitatu, minne, haiamshwi kwa kiki. Najua hamu ni kusikia mlio kwanza, mengine yafuate. Acha. Hapa Kisumu unyevu wa ziwa hauna likizo, na turubai ulilofunika mpaka chini ndilo limekuwa likiufungia ndani.

Mafuta ya zamani mwaga yote. Usiyachanganye na mapya ukidhani yatapata nguvu. Petroli iliyokaa huacha utomvu unaoziba jeti za kabureta, yaani vitundu vyake vidogo vya kupitishia mafuta, na utaijua kwa harufu: inanuka kama rangi ya mlango. Halafu chungulia tangi kwa tochi, si kwa kiberiti. Ukiona kutu, lishushe lisafishwe kwanza. Nimeona watu wakimlipa fundi kufungua kabureta ileile kila mara, kumbe tangi liko pale juu linaendelea kuishushia kutu.

Oili, badilisha. Betri, usiitumainie. Plagi ifungue, tia oili kidogo kwenye tundu lake, iache usiku kucha, kisha zungusha injini polepole kwa kiki, swichi ikiwa imezimwa. Ikigoma, usiipandie kwa uzito wako wote, ita fundi. Fungua pia kisanduku cha chujio la hewa, kwa maana panya wanapapenda sana pale. Nyigu nao wanapenda bomba la moshi.

Sasa klachi, ile inayotenganisha injini na gurudumu ukiibana. Hii ni wachache watakaokutajia. Ndani yake kuna sahani zilizopangana kwenye oili, na zikikaa miaka bila kuachanishwa, zinagandana. Ukibana mkono wa klachi unausikia laini, waya unavuta vizuri, lakini ndani hakuna kilichoachana.

Jirani yangu wa Nyalenda aliachiwa pikipiki na kaka yake aliyekwenda Qatar. Alipoamua kuifufua alinunua petroli mpya, betri mpya, plagi mpya. Ikawaka bila usumbufu, watoto wakashangilia. Akaketi, akabana klachi, akaingiza gia ya kwanza. Pikipiki ikaruka naye. Klachi bado ameibana kabisa, na kwa ule mshtuko mkono wa kulia ukazidi kuvuta aksela. Ikavuka njia na kuingia kwenye meza ya mama muuza omena. Omena zikatapakaa mchangani, gorogoro likabingirika hadi mtaroni. Mama akaitazama meza, akamtazama yeye. "Baba, hizi zote umenunua." Akanunua. Taa ya mbele na uma uliopinda vikawa deni la fundi.

Kupima hakuhitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia, bana klachi, sukuma. Gurudumu likizunguka, hata kwa uzito kidogo, uko sawa. Likikataa, usiiachie klachi. Isukume mbele na nyuma kwa kishindo mpaka sahani ziachane. Zisipoachana, kifuniko kifunguliwe zitolewe moja moja. Atakayekwambia "washa tu, itajiachia barabarani" mpe funguo, apande yeye.

Ukiwa hapo, zungusha aksela na uiachie: lazima irudi yenyewe. Waya wenye kutu ukikwama umeivuta, utajuta. Breki za nyuma hukwama pia, shuu zikashikana na ngoma, kwa hiyo inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Cheni itie oili, na kama viungo vyake haviwezi tena kujikunja, nunua nyingine. Tairi usizipime kwa meno peke yake. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukiona nyufa ubavuni, hiyo tairi imekwisha.

Logbuku iko kwa jina la nani? Bima ilikwisha lini? Askari wa barabarani hatakuuliza ilikaa stoo miaka mingapi.

Kuwasha, washia nje, moshi wake ni sumu, na uwe mbali na jiko la mtu. Vaa helmeti, na viatu, si malapa. Safari ya kwanza iwe kuzunguka mtaa, si kwenda Busia. Ukirudi, tazama chini kama kuna tone la mafuta, kaza nati zilizolegea, kesho uzunguke tena.