Kitabu cha tatu kikikuudhi, usinirudishie kwanza

Saluni yangu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi: viti vitatu, kioo kimoja chenye ufa, na nyuma ya mlango rafu ya vitabu arobaini na kitu. Rasta ndogondogo zinachukua saa tano, na hakuna simu inayovumilia saa tano bila chaji. Ndiyo maana nilianza kuazimisha vitabu. Vinavyopendwa kuliko vyote ni vile vya vijana, vya miji iliyozungushiwa ukuta na wakubwa wanaompangia kila mtu maisha yake. Vinakuja vitatuvitatu. Cha kwanza hurudi kimekunjwakunjwa. Cha pili hurudi usiku, mtu anagonga mlango akiuliza cha tatu. Cha tatu hurudi na matusi.

Mteja mmoja hakungoja hata kukirudisha. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama nyasi, akafika ukurasa fulani, akapiga ukelele, akakirusha. Kikatua ndani ya beseni la maji ya moto ninayochovyea ncha za rasta.

"Yaya, huyu mwandishi ametuchezea!"

Kilikuwa cha tatu cha Divergent, cha Veronica Roth, ambacho sisi huku tunakisoma kwa Kifaransa. Cha kwanza kilitoka 2011, cha pili 2012, hiki 2013. Nitakitolea mfano kwa sababu ndicho kinachonilizia wateja, na nitaumwaga mwisho wake wote. Anayetaka kushtuka mwenyewe aishie hapa.

Jambo la kwanza ni kulala. Usitoe hukumu usiku uleule. Mimi nilikimaliza saa tisa za usiku kwa tochi, umeme umekatika, na asubuhi yake nilimchora mama wa watu mstari wa kichwa uliopinda kama njia ya mbuzi. Hasira ya saa tisa za usiku ni uchovu tu. Kiweke wiki moja, tena mahali usipokiona.

Wiki ikiisha, usikifungue hicho. Fungua cha pili, kurasa zake za mwisho. Hapo ndipo ahadi ilipotolewa, na huwezi kumdai mtu deni ambalo hukumbuki alikopa nini. Chukua karatasi, uandike: niliahidiwa nini? Mimi niliandika mambo matatu. Kwanza, nje ya uzio wa Chicago, mji wa Marekani wanamoishi watu wa hadithi, kuna nini, maana kitabu cha pili kinafungwa na video inayosema watu wa mji wanasubiriwa huko. Pili, Tris, msichana anayesimulia, atafanyaje na Caleb, kaka yake aliyemsaliti. Tatu, Tobias, mpenzi wa Tris, atasimamaje mbele ya mama yake, Evelyn.

Sasa soma cha tatu ukiwa na karatasi hiyo mkononi. La tatu limelipwa vizuri: Tobias anakwenda kwa mama yake akiwa na dawa ya kumfuta kumbukumbu, halafu badala ya kumnywesha kwa hila anamwachia achague, na mama anamchagua mwanawe. Niliporudia ukurasa ule nilijionea aibu, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimeuruka nikitafuta mapenzi.

Ni lile la kwanza lililotuangusha. Nje ya uzio tunakuta uwanja wa ndege wa O'Hare, na ndani yake wanasayansi wanaotazama mji kwa kamera. Mji mzima ulikuwa jaribio, na watu wanagawanywa kuwa wenye vinasaba safi na wenye vinasaba vilivyoharibika. Tuliahidiwa mlango, tukaingizwa darasani. Kurasa kwa kurasa mtu anamweleza mwenzake, yule anauliza swali, anaelezwa tena. Na Tobias, kijana tuliyemjua kuwa hatishiki hovyo, anaambiwa damu yake ina kasoro, naye anaamini upesi hivyo! Mama mmoja mzee, niliyekuwa namfunga nywele kwa uzi, alicheka nilipomsimulia. Yeye alikua wakati mji huu unaitwa Élisabethville, na kati ya Kamalondo na mji wa Wazungu uliachwa ukanda mtupu kwa makusudi. "Kugawa watu hakuhitaji maabara," akasema, "na sisi hatukuwahi kuamini, tulikuwa tunanyamaza tu." Hiyo ni hakiki bora kuliko yangu. Ukisoma, basi, jiulize kama watu wa kitabu wanaitikia jambo zito jinsi watu unaowajua wangeitikia. Pale usipomtambua mtu uliyemzoea, kunja ncha ya ukurasa. Kitabu ni chako, hakuna atakayekupiga (changu usikikunje).

Kuna jaribio moja tunalifanya saluni, nalo ni zuri zaidi kwa watu wawili. Vitabu viwili vya kwanza anasimulia Tris peke yake. Cha tatu wanapokezana, Tris sura hii, Tobias sura ile, na jina limeandikwa juu. Mmoja afungue popote, afunike jina kwa kidole, asome aya moja kwa sauti, mwenzake ataje nani anasema. Sisi tulikosea zaidi ya nusu. Kama huwezi kumtofautisha msichana unayemjua tangu kitabu cha kwanza na kijana wake, hapo kosa si la msomaji. Tena msomaji mjanja anapoona msimulizi wa pili ameletwa ghafla mwishoni, ananusa: huyu kaletwa kusoma risala ya mazishi.

Ndiyo, Tris anakufa. Hapa ndipo beseni lilipopata kitabu, na hapa nataka uende polepole, kwa sababu kilio na kasoro vinafanana sana usoni. Jaribu kukitoa kifo kile: je, vitabu vilivyotangulia vinabomoka? Tris alizaliwa katika kundi la wanaojinyima kwa ajili ya wengine, akalikimbia, akaenda kwa wajasiri. Mwishoni Caleb ndiye aliyepaswa kuingia kwenye chumba chenye sumu, na Tris anaichukua nafasi yake. Anarudi kwao, kwa namna yake. Mimi nasema kifo kina mzizi. Ninachomlaumia mwandishi ni kwamba binti anaishinda sumu isiyoshindwa na mtu, kisha anauawa kwa risasi ya David, mkuu wa wale wanasayansi, ambaye hata kumchukia vizuri hatukupewa nafasi. Unaweza kukataa. Mdogo wangu anakataa, na tukianza habari hiyo bukari, ugali wetu wa huku, inapoa.

Filamu usiihesabu. Ile ya 2016 ilienda njia yake, ikaanguka sokoni, na sehemu ya mwisho haikutengenezwa kabisa.

Mteja wangu alirudi Jumamosi kumalizia kichwa, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimekianika kitabu juu ya bati siku tatu. Kilikuwa kimevimba, lakini wino ulikuwa mzima. Nikamfungulia sehemu ya mwisho, miaka miwili na nusu baada ya mazishi, nikamwambia asome kwa sauti. Tobias anayeogopa kwenda juu anapanda ghorofa refu la Hancock, anafungwa kwenye waya, anateleza juu ya mji huku akimwaga majivu ya Tris. Alisoma mpaka mwisho, akanyamaza, akaniuliza kama nina uzi mweusi au wa kahawia tu. Alipoondoka alikuwa nacho mkobani.

Kimesharudi. Hakifungiki tena, nimekikandamizia sufuria. Anayekitaka aje, aache kiatu kimoja rehani.