Teleportesheni ya kwantamu kwa Qiskit: usalama uko kwa jozi, si kwa zile biti mbili

Watu wengi hapa Nairobi wanaojifunza hii kitu, yaani kuhamisha hali ya chembe moja hadi nyingine iliyo mbali bila kuisafirisha chembe yenyewe, wanaanza na swali moja, kama kweli mtu hawezi kudukua ujumbe uliotumwa kwa teleportesheni. Tuijenge kwanza alafu utajionea. Unahitaji Python, qiskit (maktaba ya kuandika programu za kwantamu) na qiskit-aer (ya kuziigiza kwa kompyuta ya kawaida), na kama laptopu yako ni nzito tumia Google Colab, haili bando sana.

Hatua ya 1. Tengeneza kyubiti tatu (biti za kwantamu, zinazoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1), QuantumCircuit(3,3). Tuseme Achieng yuko Westlands na Baraka yuko Rongai: namba 0 na 1 ni za Achieng, namba 2 ni ya Baraka. Weka ujumbe kwa 0 na ry(pi/3, 0), yaani unaizungusha kwa pembe hiyo; hali inayotokea ndio ujumbe.

Hatua ya 2. Fungamanisha 1 na 2, yaani ziunganishe matokeo yao yategemeane ata zikiwa mbali: h(1) inaiweka 1 nusu 0 nusu 1, kisha cx(1, 2) inageuza 2 pale 1 ikiwa 1. Hiyo jozi ndio chaneli yenyewe.

Hatua ya 3. Achieng anafanya cx(0, 1), h(0), alafu anapima zote mbili. Atapata 00, 01, 10 au 11, kila moja kwa nafasi ya robo, na ile hali yake ya mwanzo imeisha hapo hapo, habaki na kopi.

Hatua ya 4. Achieng anamtumia Baraka hizo biti mbili kwa simu ya kawaida, na ndio maana hakuna kitu hapa kinapita kasi ya mwanga. Anayesikiza njiani akizinasa haambulii chochote, biti zenyewe ni za kubahatisha tupu.

Hatua ya 5. Biti ya kyubiti 1 ikiwa 1, Baraka anaweka x(2), inayobadilisha 0 na 1. Ya kyubiti 0 ikiwa 1, anaweka z(2), inayogeuza alama ya sehemu ya 1. Tumia if_test, amri ya Qiskit ya "kama biti ni 1, fanya hivi".

Hatua ya 6, na hapa usiharakishe. Ukipima kyubiti 2 moja kwa moja utaona sifuri kama 750 kwa kila majaribio 1000 na utadhani umemaliza, kumbe ata ukisahau z namba ni hiyo hiyo! Rudisha kwanza na ry(-pi/3, 2), ndio upime: lazima zote 1000 ziwe sifuri. Ukisahau z zitakuwa kama 625, na bila marekebisho yoyote ni kama 500, yaani Baraka asiye na zile biti ana kelele tu. Jibu la kyubiti 2 ni tarakimu ya kushoto kabisa, Qiskit inaandika kutoka kulia.

Hatua ya 7. Kwa fotoni halisi, kama zile za setilaiti ya Micius ya China iliyofikisha teleportesheni hadi kilomita 1400 mwaka 2017, jozi inasafiri na mtu anaweza kuichezea njiani. Kwa hivyo kabla ya ujumbe wowote wachague jozi kadhaa bila mpangilio, wazipime kwa jaribio la CHSH, linaloonyesha kama jozi bado imefungamana, vichujio vya fotoni vikiwa kwa pembe za digrii 0 na 45 kwa Achieng, 22.5 na 67.5 kwa Baraka. Thamani ikikaribia 2.83 jozi ni safi, vile inateremka kuelekea 2 ndivyo mtu wa tatu anaweza kuwa ameingiza mkono, na ikifika 2 msitume kitu, tupeni jozi zote mwanze na zingine.