Slaidi ya koneti iliyolegea: itanue polepole, moto uwe wa mwisho

Wiki iliyopita kijana wa bendi ya kanisa kule Vihiga alinipigia simu usiku. "Mzee, slaidi imeanguka tena katikati ya wimbo." Nilipomuuliza ameifanyia nini, akasema ameizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nikamwambia apande matatu aje nayo Kisumu, na Jumamosi yote ikaishia hapo. Yeye ni wa nne mwaka huu, kwa hivyo haya nayaandika ili wa tano ajisaidie.

Slaidi ninayosema ni ule mrija mkubwa wa umbo la U unaovutwa nje kidogo ili koneti, yaani tarumbeta fupi, ilingane kwa sauti na wenzake. Miguu yake miwili huingia ndani ya mirija miwili ya nje. Ikivutwa na kurudishwa kila Jumapili kwa miaka arobaini, shaba huliwa. Hewa inavuja, noti za juu hazishiki, mwishowe slaidi inateleza yenyewe. Tepu itakwama humo ndani na kukuletea shida ya pili. Na tafadhali usibane mrija wa nje kwa plasi. Mduara ukishakuwa yai, kuurudisha ni kazi kubwa kuliko hii unayoikimbia.

Vifaa

Maikrometa, kile kipimo cha skrubu cha unene mdogo, si venia ya plastiki. Fimbo ya shoki ya pikipiki iliyotupwa, ile inayong'aa, mradi iingie ndani ya mguu wa slaidi kwa ulegevu. Shina la valvu ya injini ya gari, hata lililoungua kichwani, bora shina lenyewe liwe laini. Vaisi, mafuta ya mashine, dawa ya kung'arishia shaba. Kwenye soko la Kibuye hapa Kisumu utapata vyote kwa wauza vyuma chakavu. Watu huniuliza kwa nini sinunui seti ya vifaa vya kigeni. Fimbo ya shoki imepakwa kromu ngumu na imenyooka kabisa. Sijaona sababu.

Hatua ya kwanza: osha na upime

Toa slaidi, osha kwa sabuni na maji vuguvugu, kausha. Pima kila mguu mahali patatu, na kila mahali pima mara mbili, ukigeuza robo mzunguko. Vipimo viwili vikitofautiana, mguu huo ni yai na unahitaji kuviringishwa kabla ya kutanuliwa. Mara nyingi utakuta mguu mmoja tu umeisha, tena karibu na ncha. Uweke alama kwa kalamu. Ule mzima usiuguse.

Hatua ya pili: tanua

Funga fimbo ya shoki kwenye vaisi, ilale. Vika mguu juu yake. Tia tone la mafuta juu ya shaba, kisha kandamiza kwa shina la valvu ukilivuta kwa urefu, mstari baada ya mstari, huku ukizungusha slaidi kidogo kidogo. Utaona mstari unaong'aa kuliko pembeni yake. Hapo shaba imeminywa.

Elewa kinachotokea, kwa maana ndicho kitakuzuia kupita kiasi. Ukuta wa mguu ni kama nusu milimita. Ukiupunguza unene kwa asilimia 1 tu, shaba hiyo lazima iende mahali, na kama yote ingeenda kwenye mzingo, mguu wa milimita 12 ungenenepa kwa milimita 0.12. Hiyo ni zaidi ya unene wa karatasi ya daftari, na slaidi haingeingia tena. Kweli, sehemu nyingine hukimbilia kwenye urefu, lakini umeona hesabu. Zungusha mara moja, futa mafuta, pima, jaribu ndani ya mrija wa nje. Halafu tena. Kijana wangu alikuwa na haraka ya kurudi mazoezini, nikampa maikrometa ashike yeye ili mikono yake iwe na kazi.

Hatua ya tatu: moto, na ni ikibidi tu

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili za maisha yangu.

Shaba ikigongwa au kuminywa ikiwa baridi huwa ngumu, na ikizidi kuwa ngumu hupasuka. Dawa yake ni kuipasha moto. Nilikuwa nimesikia hivyo tu, nikachukua tochi ya gesi saa sita mchana, juani, nikaanza kuuchoma mguu ukiwa bado umeungwa kwenye kona yake, ule upinde wa U. Nikangoja uwe mwekundu. Sikuona wekundu wowote, kwa sababu kwenye jua la Kisumu mwanga hafifu wa chuma hauonekani. Nikaongeza moto. Kitu cha kwanza kuniambia nimezidisha ni mguu wenyewe kuinama na kudondoka, kisha wa pili ukalegea, kisha kile kiungo cha katikati kikaanguka kwenye mchanga.

Lehemu ya risasi na bati huyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi. Shaba hii hailainiki sawasawa kabla ya nyuzi 400 na kitu. Kwa hivyo huwezi kulainisha mguu na kuacha kiungo chake kikiwa salama. Usijidanganye na kitambaa kibichi, kwenye mrija mfupi namna hii joto hukimbia haraka kuliko maji. Ni lazima ufungue kiungo kwanza, kwa moto mdogo, mguu utoke peke yake.

Ukishautoa, nenda kivulini, ndani kabisa kama unaweza, mlango ukiwa wazi hewa ipite. Zungusha mguu juu ya moto mdogo. Ukiona dalili ya kwanza ya wekundu, ule unaoonekana gizani tu, ondoa. Usingoje rangi ya kaa la moto. Zinki iliyomo huchemka kwenye nyuzi 907, na ukifika huko moshi mweupe unaotoka utakulaza na homa usiku. Unaweza kuutumbukiza mguu kwenye maji mara moja. Si kama chuma cha kisu, shaba haigeuki ngumu kwa maji. Lakini mguu uliolainika wote huingia kibonyeo ukiushika vibaya, kwa hivyo pasha ile sehemu iliyoisha tu, kisha rudi hatua ya pili.

Kuunganisha tena ndiko kulikonila siku ya pili. Miguu miwili lazima ilingane kabisa, la sivyo slaidi haiingii hata kama kipimo ni sawa. Nilijaribu kwa jicho, kwa rula, kwa kibao. Kumbe koneti yenyewe ndiyo kipimo: ingiza miguu yote miwili kwenye mirija yake ya nje, vika kona juu, kisha ndipo unalehemu. Chora kwa penseli mahali ambapo hutaki lehemu ishike, haitashika. Osha asidi yote ya kulehemia ukimaliza.

Ile ya kijana wa Vihiga haikuhitaji moto hata kidogo. Wengi hawahitaji.

Hatua ya nne: sugua

Ikiwa inaingia kwa kukazana kidogo, paka dawa ya kung'arishia pamoja na mafuta, ingiza na utoe huku ukizungusha mguu mmoja mmoja. Usitumie ile dawa ya kusugulia valvu za injini. Chembe zake hujikita ndani ya shaba laini na kuendelea kuila miezi mingine sita. Kisha osha, na uoshe tena, maana baadhi ya dawa hizi zina amonia.

Amonia si mchezo. Shaba hii, sehemu 70 shaba nyekundu na 30 zinki, ndiyo ile ile ya maganda ya risasi za bunduki. Jeshi la Uingereza kule India liliona maganda yake yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, yakiwa yamehifadhiwa kwenye mazizi. Ni mkojo wa farasi, uliotoa amonia na kushambulia shaba iliyokuwa imeminywa. Sababu yake ilielezwa mwaka 1921. Mguu uliotoka kuutanua umeminywa vivyo hivyo. Nimeshaletewa tarumbeta yenye ufa mrefu kama unywele, na nilipouliza ilikuwa inalala wapi, nikaambiwa stoo ya kuku.

Jaribio

Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo sana. Ingiza mguu mmoja tu katika mrija wake, ziba ncha ya mguu wa pili kwa kidole, mwenzako azibe njia ya hewa upande wa mrija huo, vuta. Kidole kikinyonywa na mguu ukitoka na sauti ya "pu", umefaulu. Ukitoka kimya, rudi kwenye maikrometa.