Faibromayalgia: kuanza matibabu mapya bila kuanguka wiki ya kwanza

Mgonjwa wa faibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, akifika kwangu huwa ameshapita kwingi. Ameshachomwa sindano za diklofenaki, ameshaumikwa, ameshaombewa, na nyumbani kuna shangazi aliyeshatoa hukumu kwamba anadeka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma. Siandiki dawa, ingawa mjini kwetu ukivaa koti jeupe tu umeshakuwa daktari. Kazi yangu inaanza pale daktari mwenyewe ameshataja jina la ugonjwa, ameandika dawa, akamalizia na "ufanye mazoezi". Mazoezi gani, mangapi, lini? Ndiyo haya ya wiki 12 za mwanzo.

Hatua ya 1: Uhakika kwanza

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha faibromayalgia. Daktari anaitambua kwa maelezo yako: maumivu sehemu nyingi za mwili kwa miezi 3 au zaidi, usingizi usioburudisha, uchovu, kusahausahau. Kwa vigezo vya mwaka 1990 mgonjwa alibonyezwa sehemu 18, akiumia kwenye 11 anahesabiwa anao. Siku hizi si lazima.

Vipimo unavyoandikiwa ni vya kutafuta magonjwa yanayofanana nayo: upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyozembea, baridi yabisi. Na brusela, homa inayotoka kwa mifugo. Kama unafuga, au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Viungo vikivimba, homa ikija, ukikonda bila sababu, mguu ukikosa nguvu au mkojo ukitoka bila habari yako, weka mwongozo huu pembeni urudi hospitali.

Hatua ya 2: Waeleze wa nyumbani

Mimi huwaambia hivi: huyu ana mbwa wa ulinzi aliyechanganyikiwa. Anabweka mwizi akija, sawa, lakini anabweka pia mwenye nyumba akirudi, na kuku akipita. Mishipa ya fahamu na ubongo ndivyo vinavyofanya. Mguso mdogo unapokelewa kama kipigo. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila hakuna kinachooza wala kuvunjika ndani. Mbwa huyo ukimpiga anazidi kubweka, na ukijifungia ndani asikuone, siku ukitoka atabweka mara mbili. Anazoea kwa kukuona unapita kidogokidogo, kila siku, saa ileile.

Mama mmoja wa Kibirizi, mwanika dagaa, alikuwa haamini. Kwake dawa ilikuwa kupumzika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei hadi Agosti, akapumzika kwelikweli. Agosti alikuja hawezi kunyanyua ndoo ya lita kumi. "Daktari, nimelala miezi mitatu, mbona ndiyo nimekufa?"

Hatua ya 3: Daftari, wiki moja kabla ya kuanza chochote

Nunua daftari la kawaida. Kila jioni andika namba tatu, 0 hadi 10: usingizi, maumivu, uchovu. Halafu mstari mmoja wa ulichofanya. Si "kazi za nyumbani". Andika "nimefua mashuka mawili, nimesimama jikoni saa nzima".

Daftari la yule mama lilinionyesha kitu ambacho yeye hakukiona. Siku zake mbaya hazikuja ovyo. Zilifuata siku nzuri. Akiamka mwepesi, anafua, anapalilia, anakwenda sokoni Mwanga, anarudi na mzigo kichwani. Kesho yake na kesho kutwa yuko kitandani. Kwa ugonjwa huu mimi naiogopa siku nzuri kuliko siku mbaya.

Hatua ya 4: Dawa, moja kwa wakati mmoja

Dawa tatu za kwanza ambazo Marekani iliziidhinisha kwa ugonjwa huu ni pregabalini mwaka 2007, duloksetini 2008, milnasiprani 2009. Huku kwetu wengi huanzishiwa amitriptilini, ya zamani na ya bei nafuu. Ni dawa ya sonona, ndiyo, na mgonjwa akisoma karatasi ya ndani anakuja amekasirika kwamba kaitwa kichaa. Hapana. Kwa dozi ndogo inasaidia usingizi na kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Mara nyingi huanza na miligramu 10, na kwa kuwa vidonge vingi ni vya 25, usishangae kuandikiwa nusu.

Imeze saa moja au mbili kabla ya kulala. Ukiimeza saa sita usiku, asubuhi utatembea kama mlevi. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na siku za mwanzo usiendeshe pikipiki mpaka ujue inakufanyaje. Nafuu haiji kesho, ipe wiki kadhaa. Usiiache ghafla. Kama una ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, shida ya kukojoa au ujauzito, sema kabla hujaandikiwa. Kama kuna mtu anakugawia tramado (dawa kali ya maumivu) za mgongo wake, sema pia, kwa sababu hizo mbili pamoja zinaweza kuleta degedege. Pombe iache. Na ifungie mbali na watoto, maana vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto.

Diklofenaki na prednisoloni kwa faibromayalgia yenyewe hazina msaada wa maana. Tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Wiki mbili za kwanza za dawa usianze zoezi jipya. Ukianza vyote siku moja na mwili ukaharibika, hutajua wa kulaumiwa nani.

Hatua ya 5: Kutembea, kuanzia nusu

Wataalamu wa Ulaya walipotoa mapendekezo yao mwaka 2016, tiba moja tu waliipendekeza kwa nguvu zote, nayo ni mazoezi. Dawa zilipata "pengine".

Lakini hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa dada mmoja karatasi ya mazoezi kumi na mawili. Akayafanya yote siku hiyohiyo, kwa bidii. Akalala siku nne, hakurudi kwangu tena. Sikumlaumu.

Sasa nafanya hivi. Tafuta dakika unazoweza kutembea siku MBAYA bila kujuta kesho yake. Gawa kwa mbili. Yule mama alisema nane, tukaanza na nne: mlangoni kwake hadi mwembe wa jirani na kurudi. Alicheka, na majirani wakacheka. Dakika nne, siku tano kwa wiki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wiki ikipita salama, ongeza dakika moja au mbili. Lengo ni dakika 20 hadi 30, siku mbili tatu kwa wiki au zaidi. Kuuma kidogo baada ya zoezi si kosa. Kukiendelea zaidi ya siku moja, rudi kwenye dakika za wiki iliyopita. Siku nzuri ikija, dakika ni zilezile. Hapo ndipo wengi wananigombeza.

Ukifika dakika 15, ongeza kuketi na kusimama kwenye kiti, mara tano. (Wanaouliza kuhusu kujitosa ziwani: tafiti za mazoezi ya majini zilifanywa kwenye mabwawa ya maji ya uvuguvugu, hakukuwa na kichocho wala mamba.)

Hatua ya 6: Panga kwa mwezi wa kazi yako

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo tulianza mazoezi wakati wa mbalamwezi, kazi ikiwa haba. Giza lilipoingia hatukuongeza hata dakika moja, tulishikilia pale tulipofika.

Na kuanika tukakukata vipande: kugeuza kichanja kimoja, kuketi dakika tano, kingine. Beseni moja likawa mawili ya nusunusu. Zamani alimaliza saa tatu akiwa hoi. Sasa anamaliza saa nne akiwa na nguvu ya kupika. Wewe ni mwalimu, fundi cherehani, muuza mawese? Una giza lako na mbalamwezi yako, tafuta ni lini.

Hatua ya 7: Wiki ya 12

Usitazame namba ya maumivu peke yake. Ya mama ilishuka kutoka 8 hadi 6, akaona ni bure. Nikamfungulia mstari wa kazi: wiki ya kwanza kichanja kimoja, ya kumi na mbili vinne, na usingizi umetoka 2 hadi 6.

Peleka daftari kwa daktari aliyekuandikia, hata kama limelowa mafuta ya mawese. Kama hakuna namba iliyosogea, hiyo ndiyo siku ya kuzungumza kuhusu kubadilisha dozi au dawa, na kumuuliza tena kama kuna ugonjwa mwingine umejificha nyuma. Hadi siku hiyo, nusu kidonge ibaki nusu kidonge.