Nambari ya zamani bado hufungua iPhone
Ukibadilisha nambari ya siri ya iPhone au iPad jioni, kisha asubuhi ndani ya matatu ukawa huikumbuki, usikimbilie fundi wa simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, akifute kifaa chote pamoja na picha za watoto. Kosea mpaka skrini ikuzuie, gusa maandishi ya kusahau nambari yaliyo chini, uingize nambari iliyotangulia, kisha uweke mpya. Tangu iOS 17, toleo la mwaka 2023 la mfumo unaoendesha iPhone, kifaa huikubali nambari ya awali kwa saa 72. Zikipita, au ukiwa uliibatilisha mwenyewe kwenye mipangilio, njia hii haifai. Na kama uliibadilisha kwa sababu mtu aliichungulia, ni heri uibatilishe ile ya zamani mara moja.