Haja, hamu na tamaa: jinsi ya kuchuja matakwa kwa kipimo cha Epicurus

Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki, alinunua bustani yake Athens yapata mwaka 306 KK, akafundisha humo hadi alipofariki mwaka 270 KK. Wengi humdhania mwalimu wa anasa, kumbe chakula chake cha kawaida kilikuwa mkate na maji. Alichofundisha ni kuchuja matakwa, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Katika barua yake kwa mwanafunzi wake Menoeceus aliyagawa matakwa mafungu matatu: ya asili na ya lazima, ya asili yasiyo ya lazima, na yasiyo na asili wala ulazima, yanayozaliwa na dhana tupu. Kiswahili kina bahati hapa. Maneno haja, hamu na tamaa yanakaribia sana mafungu hayo, ingawa mitaani tunayachanganya.

Andika matakwa yako ya siku moja, yasizidi kumi. Kisha, kabla ya kuyagawa, yakate vipande. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaandika “nataka nyumba” wakaiweka yote kwenye haja. Paa lisilovuja na mlango unaofungika ni haja. Baraza pana la kupungia upepo ni hamu. Kutaka waliokucheka waione hiyo nyumba ni tamaa. Karibu kila takwa kubwa ni mchanganyiko wa namna hii, na ile tamaa hujificha nyuma ya haja ili ipite bila kukaguliwa.

Kila kipande kiulize swali lake Epicurus: nini kitanipata nikikipata, na nini kitanipata nikikikosa? Jibu nusu ya pili kwanza, kwa sababu ya kwanza inapendeza mno na itakuhadaa. Ukikikosa na mwili ukaumia, au hofu ikakaa, hiyo ni haja. Usiwasahau marafiki: Epicurus alihesabu haja za uhai, za mwili kutulia, na za furaha, na kwake urafiki ulitangulia mengi katika furaha. Anayeuweka kwenye hamu ameharibu hesabu nzima.

Ukikikosa na maumivu yakaisha mara unaposahau, ni hamu, kama kitoweo cha gharama ilhali cha kawaida kipo. Hamu si dhambi. Ile iliyo karibu na isiyoleta deni wala ugomvi, ichukue. Ukijikuta unaihangaikia kwa nguvu zote ilhali kuikosa hakuumizi, jua dhana tupu imeingia.

Tamaa utaitambua kwa kukosa kikomo. Kiu huisha kwa bilauri moja au mbili. Sifa haina kibaba. Mfafanuzi wa kale wa maneno ya Epicurus alitoa mifano ya mataji na masanamu ya heshima. Hata tumbo, walisema wafuasi wa Epicurus, halikosi kushiba kama watu wanavyodai. Kisichoshiba ni dhana ya mtu kuhusu tumbo lake.

Mgawanyo wa kwenye karatasi haujathibitishwa, kwa hiyo ujaribu. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, anasimulia kwamba Epicurus alikuwa na siku maalumu za kula kidogo, apime kama raha yake imepungua, na kama kilichopungua kinastahili kuhangaikiwa. Seneca mwenyewe alipendekeza siku 3 au 4 za chakula duni na nguo duni. Mgonjwa, mjamzito na anayetumia dawa wajaribu kwa kitu kingine, si chakula. Siku inayofuata andika ulichokikosa kweli. Aghalabu orodha ni fupi kuliko ulivyohofia.

Zoezi hili huharibika kwa majivuno. Epicurus naye aliteleza: kwa maelezo ya Seneca, alijigamba kwamba analishwa kwa chini ya sarafu moja ndogo, ilhali mwenzake Metrodorus, ambaye hajafika mbali hivyo, anahitaji sarafu nzima. Kusifiwa kwa kula kidogo nako kumo kwenye fungu la tatu.

Alimwambia Menoeceus ajizoeze mafundisho haya usiku na mchana, peke yake na pamoja na mtu aliye kama yeye. Mpe basi rafiki karatasi yako aisome. Atakiona haraka kipande ulichokiita “cha kazi” na si cha kazi.

Wala usijinyime daima. Shule yake ilionya kwamba kubana matumizi nako kuna mpaka, na anayeuvuka amekosea sawa na mfujaji. Katika barua moja Epicurus aliomba aletewe chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka kufanya karamu aweze.