Anza na mbwa, mota baadaye: somo la kuchagua baiskeli ya umeme ya mizigo

Ndugu zangu, naishi Utrecht, Uholanzi, na mbwa wawili. Chui ni labrado wa kilo 31, mzee wa miaka kumi na mmoja. Tambi ni kajibwa ka kilo 8. Gari sina. Sokoni, posta, kwa daktari wa mifugo, msituni Jumamosi, kote naenda na baiskeli yenye sanduku kubwa mbele, ambayo Waholanzi huiita bakfiets. Aliyekulia Dar akiiona atakumbuka guta, na hajakosea: kazi ni ile ile, ila hapa mota inakusaidia kupiga pedali.

Hii niliyonayo ni ya pili. Ya kwanza niliiuza kwa hasara baada ya miezi mitano, kwa sababu niliichagua kwa kuangalia bei na nguvu ya mota, nikasahau kumpima mbwa. Ukuta wa sanduku ulikuwa juu mno na Chui alishaanza baridi yabisi ya nyonga. Kila safari nilimnyanyua kumpandisha, nikamnyanyua tena kumshusha. Siku moja tumesimama karibu na daraja hakunisubiri, akajirusha nje, akachechemea wiki mbili. Maumivu yale yalikuwa ya kuepukika kabisa, ndiyo maana naliandika somo hili kwa kirefu.

Hatua ya 1: Mpime mbwa

Chukua futi kamba. Mpime akiwa amelala kawaida, kutoka puani hadi mkia unapoanzia. Mpime akiwa ameketi, kutoka chini hadi utosini. Mpime akigeuka, maana mbwa hulala baada ya kujizungusha. Uzito usikisie, mpandishe kwenye mizani ya kliniki ya mifugo.

Dukani pima sanduku kwa ndani, tena sakafuni. Masanduku mengi ni mapana juu na membamba chini, na vipimo vya tangazo mara nyingi ni vya juu. Uliza kama benchi la watoto linatoka, kwa sababu likibaki linakula nusu ya nafasi ya mbwa.

Hatua ya 2: Atapandaje?

Kwa mbwa aliyezidi kilo 20, au yeyote aliyeanza uzee, hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Zipo baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa kwa ajili ya mbwa, zenye mlango mbele unaofunguka hadi karibu na ardhi. Mbwa anaingia kwa miguu yake. Kama sanduku halina mlango, uliza kama inauzwa ngazi au ubao wa kupandia, kisha mwone mbwa wako mwenyewe akipanda, si mbwa wa picha.

Hatua ya 3: Magurudumu mawili au matatu?

Wadenmark walikuwa na baiskeli ndefu za mizigo za magurudumu mawili, Long John, tangu miaka ya 1920. Zile za magurudumu matatu zenye sanduku mbele zilipata umaarufu mpya baada ya mafundi wa Christiania, Copenhagen, kuanza kutengeneza zao mwaka 1984. Mabishano juu ya ipi bora hayajaisha, na jibu linategemea mbwa na barabara zako.

Ya magurudumu matatu haianguki ikisimama. Kwenye taa nyekundu unatulia, mbwa anageuka, anasimama, hakuna kinachotikisika. Lakini haiinami kwenye kona. Ukiingia kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka, na mbwa akihamia upande wa nje wakati huo huo mnaweza kupinduka. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake. Zipo za magurudumu matatu zinazoinama, kama za Butchers & Bicycles wa Copenhagen, ila bei yake ni ya juu.

Ya magurudumu mawili inaenda kama baiskeli ya kawaida ikishaanza kutembea. Ni nyembamba, ina kasi, na upepo wa Uholanzi haiogopi sana. Ugumu wake ni ikiwa imesimama: kilo zote ziko mikononi mwako, na mbwa wa kilo 31 akiruka kumfuata paka, utaujua uzito huo. Nilichofanya mimi ni kumfundisha Chui kulala kabla sijaondoa stendi. Akiwa amelala, uzito uko chini na baiskeli inatulia.

Iko pia ya aina ya tatu, yenye keria ndefu nyuma, kama Tern GSD. Kwa manunuzi na mbwa mdogo kwenye kikapu inafaa sana, na haichukui nafasi. Kwa labrado, hapana.

Hatua ya 4: Italala wapi?

Baiskeli ya sanduku ya magurudumu mawili inaweza kufika mita 2.6 kwa urefu. Ya matatu ni fupi kidogo lakini upana wake ni kama sentimita 85 hadi 90, na milango mingi ya nyumba za zamani haiipitishi. Pima mlango, pima kona ya ujia. Kumbuka chombo hiki tupu kinakaribia kilo 50, kwa hiyo ngazi usahau. Kama italala nje, hakikisha betri inatoka ili uichajie ndani, nunua turubai, na nunua kufuli lenye alama ya ART (alama ya Kiholanzi ya kufuli zilizopimwa uimara), kwani bima nyingi za hapa hudai kiwango fulani cha alama hiyo. Ifunge kwenye kitu kilichochimbiwa ardhini. Kufuli la gurudumu peke yake haliwazuii watu wawili wenye gari la mizigo.

Hatua ya 5: Jumlisha kilo

Kila baiskeli ina uzito wa juu unaoruhusiwa, na mara nyingi hesabu hiyo inajumlisha baiskeli yenyewe na mwendeshaji. Hesabu yangu ni hii: baiskeli 50, mimi 72, Chui 31, Tambi 8, manunuzi 25, kufuli na vifaa 5. Jumla kilo 191. Soma kitabu cha maelezo, na uangalie pia kikomo cha sanduku peke yake.

Hatua ya 6: Breki, kisha mota, kisha betri

Kwa uzito huo ningelipia breki za diski za haidroliki kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Zijaribu zikiwa na mzigo.

Mota: sheria ya Umoja wa Ulaya kwa baiskeli ya kawaida ya umeme ni wati 250, na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Kwa hiyo usishindanishe wati, zinalingana. Kinachotofautiana ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa newton-mita. Mota za katikati, yaani zinazokaa penye pedali, zilizotengenezwa kwa mizigo, kama Bosch Cargo Line, hufika 85, na unaona faida yake unapoanza kupanda daraja kutoka kusimama. Gia za ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ni nzuri kwa kazi hii kwa kuwa unaweza kuzibadili ukiwa umesimama. Mkanda badala ya mnyororo unapunguza kazi ya kupaka mafuta.

Betri ya watisaa 500 (watisaa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa) inanipa kati ya kilomita 35 na 50 nikiwa na mbwa wote wawili. Kuijaza ni senti chache tu za euro, kwa hiyo umeme usikutishe. Kinachouma ni bei ya betri mpya siku hii ikichoka.

Hatua ya 7: Fremu, hasa kwa mtumba

Mpya yenye mota ya katikati na breki nzuri mara nyingi inavuka euro 5,000, ndiyo maana wengi wetu tunatafuta mtumba. Tafadhalini, angalieni fremu. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi, NVWA, iliiamuru kampuni ya Babboe isimamishe mauzo na kuita zirudishwe baadhi ya modeli zake, kwa sababu ya fremu zilizoweza kuvunjika. Kabla ya kulipa, tafuta namba ya fremu uone kama modeli hiyo imeitwa irudishwe. Kisha piga tochi kwenye kila kiungio kilichochomelewa, hasa shingo ya usukani na sehemu sanduku linapoungana na fremu. Ufa mwembamba kwenye rangi unatosha kukufanya uondoke. Namba hiyo hiyo ihakiki kwenye tovuti ya polisi ya Stop Heling, usije ukanunua ya wizi. Na uliza ufunguo wa betri. Muuzaji asiye nao, mwache.

Hatua ya 8: Mzoeshe mbwa

Usimpandishe siku ya kwanza ukaenda naye mjini. Baiskeli iwe imesimama imara, mpe chakula ndani ya sanduku siku mbili tatu. Kisha isukume kwa mkono, halafu endesha mita 50 kwenye uwanja mtupu. Weka mkeka wa mpira usioteleza, maana mbwa anayeteleza anaogopa, na anayeogopa anaruka. Mfunge kwa mkanda wa kifuani, na kamba mbili fupi pande mbili. Kamwe usimfunge kwa kola: akijirusha nje akiwa kwenye kola atanyongeka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Rotterdam: Dada, assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, namsaidia jirani yangu, bibi mzee, kumpeleka mbwa wake kliniki. Baiskeli hiyo hiyo nanunulia chakula cha nyumbani. Nifanyeje kuhusu unajisi?

Jibu: Wa alaykumu salaam kaka. Hukumu ya kuosha, mara saba moja kwa udongo kama nilivyosikia kwa majirani zangu wa Kariakoo, muulize shehe wako. Upande wa baiskeli nakushauri hivi: nunua beseni gumu la plastiki linaloenea sakafu ya sanduku na kupanda ukutani, liwe la mbwa tu, ulitoe ukimaliza. Chakula kiweke kwenye keria ya nyuma, kwenye mifuko ya pembeni inayofungwa. Hapo vitu viwili havikutani. Na Mungu akulipe kwa bibi huyo.

Swali, Hamburg: Baridi ikizidi betri yangu inaisha upesi. Imekufa?

Jibu: Hapana. Baridi hupunguza umbali, na joto likirudi nao unarudi. Ilaze ndani, iweke kwenye baiskeli ukiwa unaondoka. Ikiwa ya baridi usiichaji papo hapo, isubiri ipate joto la chumba. Kama huendeshi wiki nyingi, iache ikiwa karibu nusu.

Swali, Antwerp: Mama Chui, tela la nyuma halitoshi? Bei yake ni ndogo sana.

Jibu: Linatosha kama una baiskeli nzuri tayari, mbwa mmoja, na safari zako ni za mara mojamoja. Mlango wake uko chini, wazee wanaupenda. Sababu yangu ya kulikataa ni moja: humwoni. Sandukuni namwona Chui akihema sana, nasimama, nampa maji. Ukichukua tela, funga bendera ndefu ili madereva walione.

Swali, Dar es Salaam: Naweza kusafirisha moja kuja Bongo?

Jibu: Kabla ya kulipa meli, muulize fundi wako kama anaweza kupata tairi za saizi hiyo, pedi za breki na mtu wa kufungua mota ile. Mota za chapa za Ulaya nyingi hutaka kompyuta ya wakala kuzipima, na bila wakala unabaki na kilo 50 za chuma. Mimi ningechukua fremu ya kwetu iliyochomelewa vizuri, mota ya gurudumu ambayo fundi wa hapo anaijua, na paa la kitambaa juu ya sanduku. Jua la saa sita linaua mbwa haraka kuliko mvua ya Utrecht, na sakafu ya bati inaunguza nyayo. Weka ubao na mkeka, na umtembeze asubuhi kabla ya saa tatu.

Swali, Utrecht: Wangu anabweka njia nzima akiona mbwa wengine.

Jibu: Njoo Jumamosi msituni na baiskeli yako, nitamweka Chui kwangu tupande sambamba. Hema la mvua lishushe upande wa barabara, upande mwingine uache wazi apate hewa. Wengi hunyamaza wakipunguziwa vya kuona.